Mfongo Niliouchimba kwa Mdomo

Resti,

Shikamoo yako niliipokea asubuhi ulipokuwa unafunga viatu, kwa hiyo hapa hatusalimiani tena, tunaingia ndani moja kwa moja. Umekwenda Rau kumuaga shangazi yako, na yule namjua, hakuachii mpaka umekula mara mbili. Nina muda wa kutosha. Kiburu cha ndizi na maharage kiko jikoni kinachemka chenyewe. Mimi nimekaa kwenye benchi la nyuma, penye mibuni, na nimeshika lile daftari lako la hesabu ulilosema nilichome. Sikulichoma. Lina kurasa safi kumi na kitu. Wewe kitu kikiwa na alama mbili tatu za kalamu umeshakiona kimekwisha, na hilo tutalirudia.

Humu hamna habari za blanketi wala za kumeza dawa. Una akili, na ukiumwa utajua umeumwa. Kuna jambo jingine, na nimelibeba tangu ukiwa mtoto.

Naandika kwa mkono wangu. Niliishia darasa la tatu, unajua, umelitaja mbele za wageni mara nyingi kuliko nilivyopenda. Katekista angeniandikia kwa mwandiko mzuri, lakini jambo hili simwamini nalo. Na kwa mdomo siwezi kukuambia, kwa sababu wewe mtu akianza kusema neno zito unamkumbatia kabla hajamaliza. Karatasi haikumbatiwi. Utasoma mpaka mwisho.

Jumapili baada ya misa ulinikalisha sebuleni ukanisomea orodha yako. Ulikuwa umevaa ile miwani mpya na sauti umeibadilisha. Ukanieleza kwamba hicho chuo kipya cha Njombe kilichokupa kazi ya ukutubi kina maktaba yenye rafu tupu, na kwamba rafu ya ardhi, maji na watu wa milimani ni yako wewe kuijaza. Siyo hadithi, ukasema, ni vitabu vya kitaaluma, vya watu waliofanya utafiti. Jumatatu ijayo unaikabidhi orodha kwa mkuu wako. Kilichomo kitanunuliwa, kisichomo basi, na wanafunzi watakaokuja watajua kile ulichowawekea.

"Bibi, cha kwanza unakijua ni kipi?"

"Nitajuaje, mimi mganga?"

"Kile cha mfereji wetu, cha mfongo. Wewe umo. Kwenye ukurasa wa shukrani, jina lako kamili."

Ukanisomea jina langu kana kwamba nilikuwa nimelisahau. Ukanipiga picha na simu. Ukampigia shangazi yako palepale ukamwambia Bibi amefurahi mpaka amekosa maneno. Sikufurahi, Resti. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka uso wangu.

Nikakuuliza, unakumbuka, ulikichaguaje. Ukasema, "Bibi, hiki usikitilie shaka, kimepitiwa na maprofesa watatu." Nikauliza kama kuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyepanda mpaka banioni, kule juu mfongo unapokata maji mtoni. Ukacheka. Ukasema kazi ya maprofesa haiendi hivyo. Mimi sikuwa natania.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, niseme hili la kuchagua, kwa sababu mimi kazi yako yote naishuku. Yule kijana wa duka la vitabu aliyekuletea kalenda na kofia hapa nyumbani, mbona alijua njia ya kwetu? Nani alimwambia wewe ndiye utakayechagua? Amekuita "dada mkuu" na wewe ukachekea mkononi. Kofia nimeivaa shambani na kalenda nimefunikia mtungi, lakini vitabu vyake vya kwenye orodha yako vihesabu upya. Usije ukakuta nusu ya rafu ni yake.

Ulipokuwa bado unatambaa nilikwenda soko la Kwa Sadala kununua miche ya kahawa. Tulikwenda wawili, mimi na jirani yangu Kornelia, Mama Deo, ambaye kihamba chake, shamba lake la nyumbani, kinapakana na chetu pale kwenye mstari wa masale ya mpaka. Kulikuwa na muuzaji ameimwagia miche yake maji, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mimi nikachukua palepale. Kornelia akataka kuchomoa mche mmoja kwenye kifuko aone mzizi.

"Mama, ukiuchomoa umeununua," muuzaji akasema.

"Basi nimeununua," Kornelia akajibu, akauchomoa.

Mzizi mkuu ulikuwa umekunjwa chini kama mkia wa nguruwe. Mche wa namna hiyo hauendi kokote. Akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo, na sikutaka ionekane nimekosea, nikamwambia mizizi ya kujikunja ndiyo inayoshika udongo. Njia nzima ya kurudi nilieleza habari za mizizi ya kujikunja. Miche yangu ilidumaa yote, na kila mche nilioung'oa niliung'oa wakati Kornelia hayupo.

Nakuambia hivi ujue ninayeandika ni mtu wa namna gani.

Sasa Daktari. Alikuja ukiwa darasa la kwanza. Kijana mrefu, Mtanzania mwenzetu, anatoka chuo kikuu, anasoma apate udaktari, lakini siyo ule wa sindano. Sisi tulishamwita Daktari kabla hajaupata. Alikuwa anafuata mifongo ya mlimani huku, mfereji kwa mfereji, anauliza nani aliuchimba na maji yanagawanywaje. Wetu ulimpendeza kwa sababu bado ulikuwa unatiririka kihamba kwa kihamba kama zamani, na lile bwawa dogo la udongo linalokusanya maji usiku lilikuwa halijabomoka.

Alitaka kuongea na wazee wanaume. Babu yako alikuwa amelala ndani na kile kiharusi, mdomo umekwenda upande, haongei. Daktari akasimama uani anazungusha kofia. Mwisho akaniuliza mimi.

Kwanza nilimshuku. Walishapita wengine kabla yake. Walipima, walipiga picha, walikula ndizi zetu. Mmoja aliondoka na kibuyu cha pombe ya mbege cha mama mkwe wangu, akasema anakwenda kukionyesha watu, na mpaka leo bado anakionyesha. Nikasema moyoni, huyu naye simpi kitu cha maana.

"Bibi, mfongo huu ulichimbwa na nani?"

"Na babu wa mume wangu."

Hivyo tu. Lilitoka kama mtu anavyopiga chafya.

Ukweli ni kwamba mfongo ule ulichimbwa na ukoo wa mume wa Kornelia. Babu wa mume wangu alikuja baadaye, hana maji, akaenda kwao na mtungi wa mbege, akaomba kwa adabu, akapewa zamu. Kila mtu wa umri wangu analijua hilo. Lakini wiki ile mimi na Kornelia tulikuwa hatusemezani. Alikuwa amesema kwenye jumuiya, mbele ya wanawake wote, kwamba mbege yangu inafaa kuoshea miguu. Ndiyo sababu yenyewe. Ningekuwa na kubwa zaidi ningekutajia.

Ingeishia pale, ingekuwa neno moja la hasira. Ila Daktari aliinama akaandika.

Wewe hilo huwezi kulielewa. Wewe umeandikwa tangu kliniki, umeandikwa shuleni, una vyeti mpaka droo haifungi. Mimi hakuna mtu aliyewahi kuandika neno nililolisema. Nilikuwa nasema na ule mkono unanifuata. Nikinyamaza unanisubiri. Nikaona utamu wake, Resti. Nikaanza kuongeza.

Nikamweleza jinsi babu wa mume wangu alivyokata mawe siku saba. Nikamweleza mbuzi aliyechinjwa, rangi yake na masikio yake. Nikamweleza jiwe kubwa la banioni, jeusi, lenye ufa katikati, ambapo mzee alikaa kupumzika. Mikono yangu ilikuwa inachambua maharage na mdomo unachimba mfongo.

Mimi banioni sijawahi kufika. Mwanamke alikuwa hakanyagi pale, ulikuwa mwiko mkubwa, wangesema maji yamekauka kwa sababu yako. Mpaka leo miguu yangu haipajui. Jiwe hilo mimi silijui. Nililitunga pamoja na ufa wake.

Na yeye hakuniuliza. Angeuliza swali moja tu, "Bibi, haya wewe umeyajuaje?", ningeishiwa palepale, kwa sababu mimi uongo wa kuulizwa mara mbili siuwezi. Aliuliza nini na nani na lini. Umeyajuaje hakuuliza. Labda alinionea heshima. Ile heshima yake ndiyo iliyoniharibu.

Kornelia alikuwepo hapo ng'ambo ya masale, anakata majani ya ng'ombe, tunamwona mgongo.

"Na yule mama, niongee naye pia?" Daktari akauliza.

"Yule hana habari. Ameolewa kutoka mbali."

Kana kwamba mimi nilizaliwa katikati ya kihamba hiki. Daktari akashukuru, akabeba mkungu wa ndizi niliompa, akashuka. Hakurudi.

Kitabu kilikuja ulipokuwa darasa la nne, kwa mkono wa dereva wa basi, kimefungwa karatasi ya kaki. Kimeandikwa Kiswahili, ndiyo maana nilikiweza, kwa kidole, mstari mmoja mmoja, karibu mwezi mzima. Jina langu lilikuwepo mbele. Jiwe langu lilikuwepo ndani. Si hivyo tu, alikuwa amelifafanua. Alisema ule ufa unaonyesha mawazo ya watu wa hapa juu ya kugawana maji kati ya koo mbili. Nilisoma mara tatu. Nikajiuliza kama kweli nilikuwa nawaza hivyo. Kitu ukikikuta kimechapwa, hata kama wewe ndiye uliyekitunga, unaanza kukiheshimu.

Nilikiweka sandukuni pamoja na kitenge cha arusi. Ningekuwa na aibu ningekichoma. Nilikuwa na furaha. Hilo nalo liandike popote unapoandika mambo yako.

Halafu mvua zikaanza kutuchezea. Mto ukasinyaa. Kamati ya mfongo ikasema zamu zipangwe upya kwa haki, na mtaalamu mmoja wa mradi wa maji akaja kusaidia. Alikuja na nakala ya ukurasa ule. Akausoma mbele ya mkutano, jiwe na ufa na mbuzi na yote. Akasema kwa mila zetu wenyewe, ukoo uliochimba ndio unaostahili zamu ya alfajiri, bwawa likiwa limejaa maji ya usiku kucha. Zamu hiyo ilikuwa ya kina Kornelia tangu mababu. Wakaihamishia kwetu. Wao wakapelekwa mwisho wa mstari, jioni, wakati kinachokuja ni tope na majani.

Kornelia alisimama. Alikuwa mjane kama mimi, wa mwaka mmoja tu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi sina kitabu, nina mdomo. Lakini Mama Felisi yupo hapa na anajua. Muulizeni yeye nani alichimba."

Watu wote wakanigeukia mimi, Mama Felisi. Nilikuwa nimevaa kile kitenge cha arusi, kwa sababu nilijua ukurasa wangu utasomwa. Na mimi, Ansila, ambaye hata padre nimemsahihisha sakristiani, nikainamisha kichwa nikasema, "Mimi sina elimu. Kama kitabu kimesema hivyo, mimi ni nani nikibishie?"

Nilijificha nyuma ya darasa la tatu. Maisha yangu yote nimegombana na wanaoniita mjinga, na siku ile moja nilijiita mwenyewe, kwa sababu ilinifaa. Kuliko uongo nilioutunga nikichambua maharage, hilo ndilo linaloniamsha.

Kornelia alinitazama kama alivyonitazama Kwa Sadala. Akakaa.

Misimu miwili baadaye mibuni yake ilikuwa kuni. Migomba ilibaki imesimama na majani yamekauka, upepo ukipita inalia kama makaratasi. Deo akakodi majaruba ya mpunga Mabogini, akamchukua mama yake. Mwanamke aliyezaliwa kwenye baridi, ukungu mpaka saa nne, amepelekwa kule kwenye joto na mbu. Aliondoka bila kuniaga, na hakuwa na sababu ya kuniaga.

Kwetu kahawa ilizaa. Wewe ulikuwa unaamka alfajiri kusoma, unafungua dirisha, unasema, "Bibi, mimi napenda hii sauti ya maji." Nami nilikuwa nakujibu ufunge dirisha, baridi inaingia.

Nilidhani kitabu kile kitafia sandukuni, na nakala yake kwenye kabati la ofisi ya kijiji na panya. Jumapili ukakizaa upya. Ukakiweka cha kwanza. Nikaona wanafunzi wa Njombe wasionijua wanaandika mtihani juu ya jiwe langu.

Jumatano nilikuambia nakwenda zahanati kupima presha. Sikwenda. Nilikata jani la sale pale mpakani, hilo hilo tunalopandia mipaka na hilo hilo tunalompelekea mtu tuliyemkosea, nikalifunga fundo, nikalitia kwenye kanga, nikapanda bodaboda mpaka barabarani, kisha gari mpaka Mabogini. Niliuliza kwa Mama Deo ni wapi mpaka nikaonyeshwa. Nilimkuta amekaa kwenye tuta chini ya mwavuli, anapiga debe kufukuza ndege kwenye mpunga.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nimezeeshwa na mbu. Wewe una kisingizio gani?"

Nikamnyooshea jani. Yeye akaendelea kupiga debe kidogo, ndege wakaruka, wakatua palepale.

"Limenyauka," akasema.

"Nimelitoa mbali."

"Kihamba chako na changu havikuwa mbali." Akalichukua. Unajua hakuna mtu mwenye adabu anayekataa sale, nami nililijua hilo nilipolikata, kwa hiyo hata pale nilikuwa nimemtega. Naye alijua. Akaliweka kwenye kanga yake, akasema, "Mimi nimepokea. Ni desturi, sina la kufanya. Na kile kitabu je? Kitabu utakipelekea jani gani?"

Alinipa mchele kwenye mfuko, ndio huo uliokula jana ukasema unanukia, ukauliza nimeutoa wapi nikakufokea.

Alhamisi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Huyu wa sasa ni kijana, nimembeba mgongoni. Nikamwambia mfongo haukuchimbwa na sisi, zamu irudi kwa wenyewe. Akafungua faili, akatoa ile nakala, imeshakuwa ya manjano.

"Bibi, hapa imeandikwa, kwa mujibu wa Bibi Ansila."

"Huyo ni mimi."

"Ndiyo. Basi ulishasema."

"Nasema tena, tofauti."

"Bibi, usinielewe vibaya. Ulipoyasema haya ulikuwa na nguvu, akili inakata. Sasa hivi, wazee wetu mnasahau. Au kuna mtu amekutuma? Deo amekuja hapa?"

"Nimetumwa na nafsi yangu."

"Nafsi bila maandishi, Bibi, kamati haiwezi."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Nimegombana na watu wengi na wengi nimewashinda. Huyu aliyenishinda ni mimi wa zamani, na hana hata masikio ya kumfinya.

Sasa orodha yako. Jumapili usiku nilikuwa nimeamua kukwambia ukifute kitabu kile. Nilishapanga na sababu, ningesema kimepitwa na wakati. Halafu nikajishuku. Nani anataka kifutwe? Ni yule mwenye aibu, anataka asisomwe. Kwa hiyo mimi nikikushauri juu ya kitabu hicho, usiniamini. Kina mambo mengine ya kweli, ya mifongo mingine, ya watu waliojua walichokuwa wanasema. Sijui yapi ni yapi. Kuyatenga ndiyo kazi uliyosomea.

Lakini uliyekosea pia ni wewe, na sikuachii. Ulikiweka cha kwanza kwa sababu jina la bibi yako limo. Huko siyo kuchagua, huko ni kupanga picha ukutani. Ungekuwa mtu mwingine ameleta kitabu chenye jina la bibi yake ungemcheka. Chomoa uone mzizi. Fungua mahali anaposema nani alimwambia, kisha tafuta kama alimuuliza huyo mtu amejuaje. Angalia kama alivuka masale akaongea na jirani, hasa yule aliyeambiwa hana habari. Angalia kama alirudi hata mara moja baada ya kuandika. Na kama hakuna mahali popote kwenye kitabu kizima anaposema hapa sikuelewa, hapa niliambiwa mambo mawili, mimi kitabu hicho ningekigeuza mara mbili kabla ya kukipa nafasi. Mtu gani anakaa mlimani miezi sita akaelewa kila kitu? Mimi nimekaa miaka yote hii na ndugu wa mume wangu bado siwaelewi.

Na uwe mgumu zaidi kwa vile vinavyokusifia watu wako. Vinavyotutukana utavichunguza bila kuambiwa.

Barua hii nimeisaini na nimeweka na dole gumba, kwa wino wa ile kalamu uliyoivunja. Wewe unajua maandishi yanavyoingizwa kwenye mambo ya vitabu, mimi sijui. Toa nakala, moja apewe mwenyekiti, maana nafsi bila maandishi haiwezi. Moja mpe Kornelia, umpelekee mkononi kabla ya Krismasi, umwamkie vizuri. Na kama kitabu kitaingia kwenye rafu yako, barua iingie nacho, ikae kwenye ukurasa wa jiwe. Utaniambia sheria za maktaba haziruhusu. Tafuta sheria inayoruhusu. Umesoma miaka mitatu.

Usinisamehe haraka. Nakujua, utasoma hapa utalia kisha utasema Bibi, mbona ni kitu kidogo. Siyo kidogo. Kimekusomesha.

Asubuhi hii, pikipiki yako ilipopotea kwenye kona, nilichukua jembe nikaenda kwenye mlango wa maji wa kwetu, pale mfongo unapoingilia kihambani. Niliuziba kwa udongo na magome ya mgomba, nikaukanyaga mpaka ukashika. Sikuomba ruhusa ya kamati. Watakuja kugomba, nao nitawajibu, hiyo ni kazi nyepesi. Nilivuka masale nikaangalia kwa Kornelia. Migomba mingi imekufa, lakini pale karibu na choo cha zamani kuna chipukizi mbili za mgomba wa mshare, kijani kabisa, sijui zilikuwa zinaishi kwa maji gani. Nilimtumia Deo ujumbe kwa simu yako kabla hujaamka, kwamba maji ya alfajiri yatapita kwao. Hajajibu.

Kesho utaondoka kabla jua halijatoka. Ukifungua dirisha utakuta kimya upande wetu, usidhani mfongo umekauka. Simama kidogo, tega sikio ng'ambo ya masale.

Bibi yako,
Ansila, yule yule wa ukurasa wa shukrani.